Je, Hatari Yaweza Kuuzwa?

Katika darasa letu ndugu mmoja mwenye mashua, ambaye huwachukua wageni kutoka Shimoni kwenda kutazama pomboo, aliuliza swali lililoonekana jepesi. Mtu mzima mwenye akili zake akitoa fedha zake kwenda kuutembelea mlima wa moto, kisha mlima ukamuua, je, yuko wa kulaumiwa ila yeye? Wengi wetu tulijibu papo hapo kwamba hayuko. Lakini tulipoyatazama vizuri mambo yaliyotokea New Zealand tarehe 9 Disemba 2019, tuliona kuwa tulijibu kwa haraka.

Huko kiko kisiwa kiitwacho Whakaari, kiasi cha kilomita 48 kutoka pwani. Kisiwa chote ni mlima wa moto uliochomoza baharini, nacho ni milki ya watu binafsi. Asubuhi ya siku hiyo meli kubwa ya watalii, Ovation of the Seas, ilikuwa imefunga katika bandari ya Tauranga, na miongoni mwa matembezi waliyouziwa abiria wake yalikuwa ni kwenda kwa miguu mpaka kwenye shimo la mlima huo. Abiria 38 waliyachagua. Wakachukuliwa kwa gari mpaka Whakatāne, kisha kwa mashua mpaka kisiwani, wakavishwa kofia ngumu. Saa 8 na dakika 11 mchana mlima ulilipuka. Walikuwapo watu 47, wageni pamoja na viongozi wao. Walikufa 22, na 25 waliosalia wote waliumia, wengi kwa kuungua vibaya, hata ikalazimu kuagizwa kutoka nje ngozi ya kutibia ya kiasi cha sentimita mraba milioni 1.2. Maiti wawili hawakuonekana.

Hatusemi kwamba kutembea ni kosa. Dini yetu yatuhimiza kwenda katika ardhi na kuzingatia. Wala hatusemi kwamba kila hatari ni haramu. Mvuvi anayetoka wakati wa kusi yumo hatarini, na hapana amlaumuye. Wengine watasema mvuvi huyo atafuta rizki na mtalii atafuta furaha, na hiyo ndiyo tofauti. Ni kweli, lakini haitoshi. Mwaka 1914 watu 10 waliokuwa wakichimba salfa katika kisiwa hicho hicho walifukiwa wote, asisalimike ila paka, nao walikuwa katika rizki. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba mvuvi aijua bahari yake. Ameuona upepo, aijua ngalawa yake, na akisema "natoka", neno hilo ni lake.

Je, abiria yule alijua nini? Wiki tatu kabla ya msiba, tarehe 18 Novemba, wataalamu walikuwa wameipandisha daraja ya tahadhari ya mlima huo kutoka 1 mpaka 2, nayo ni ya mwisho kabla ya zile zinazotumika mlima ukiwa unalipuka. Tena mlipuko wa namna ile ni wa mvuke: maji yaliyonaswa ndani ya mawe yenye moto hugeuka mvuke kwa ghafula, na mara nyingi haitangulii ishara ya kumtosha mtu kukimbia. Haya yalijulikana. Lakini baadhi ya waliookoka walisema mbele ya mahakama kwamba hawakuelezwa. Basi ridhaa yao ilikuwa juu ya kitu gani? Sisi twajua hukumu ya auzaye ng'ombe naye aficha ugonjwa wake. Mnunuzi amekubali, naam, lakini amemkubali ng'ombe mwingine, asiyekuwapo.

Na hapa ndipo penye uzito. Mwenye kisiwa asema: mimi natoa ruhusa tu na kupokea ada. Mwenye mashua asema: mimi nabeba watu waliokwisha kulipa. Mwenye meli asema: mimi nauza tikiti. Fedha ilipita katika mikono yote, na habari ya hatari haikupita naye hata mmoja mpaka ikamfikia aliyeilipa. Baadhi ya wachukuzi wa watalii walikiri kosa mahakamani. Kampuni yenye kisiwa ilipatikana na hatia Oktoba 2023, kisha Februari 2025 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa kampuni ilitoa ruhusa ya kuingia tu, haikuiendesha kazi yenyewe. Huenda sheria imepatia katika mipaka yake. Lakini aliyekula ada ya mlango hawezi kuiambia nafsi yake kwamba hakuujua mlango waelekea wapi.

Siku ile ile marubani wa helikopta walikwenda kisiwani bila ya kutumwa, majivu yakiwa yangali hewani, wakawabeba majeruhi. Hao waliijua hatari sawasawa, na hapana aliyewauzia.

Ndugu mmoja alipinga: mkisema hivi hapatakuwa na mtu wa kumvusha mwenziwe. Tukamjibu kuwa hatuzuii kuvusha. Pengine abiria wale wangeambiwa yote, wangekwenda vile vile.

Yule mwenye mashua alikaa kimya kitambo, kisha akauliza: na siku za kusi, mkondo ukiwa mkali, niwaambie wageni kabla ya kupokea fedha au wakishapanda? Tukamwambia kabla. Akasema wengine watarudi hotelini. Tukamwambia, naam, watarudi.