Je, Ukweli Waweza Kusema Uongo?

Mtoto akirusha mawe ishirini mwembeni huku amefumba macho, huenda embe moja likaanguka. Akija nyumbani na embe, asitaje yale mawe kumi na tisa, tutamsifu kuwa ana shabaha. Je, amesema uongo? Embe ni la kweli.

Mchezo huu huchezwa pia na wenye elimu kubwa. Mwaka 1925 mtaalamu Mwingereza, Ronald Fisher, alieleza kipimo: tokeo ambalo bahati tupu huleta mara 1 tu katika 20 lastahili kuangaliwa. Kipimo kizuri. Lakini apimaye mambo 20 hujipa nafasi 20 za kubahatisha, kisha hutangaza moja.

Mwaka 2015 mwandishi wa habari Mmarekani, John Bohannon, pamoja na wenzake huko Ujerumani, walionyesha wepesi wa jambo hili. Waliwagawa watu 15 mafungu matatu, na fungu moja likala chokoleti kila siku kwa majuma matatu. Wakapima mambo 18: uzito, usingizi, damu na mengineyo. Kwa vipimo 18 visivyotegemeana, hata chokoleti isipofanya lolote, nafasi ya kupata angalau “ushindi” mmoja ni kama 60 katika 100. Uzito ukashinda! Jarida moja likachapa, na magazeti ya nchi kadhaa yakawapasha wanene habari njema. Halafu Bohannon mwenyewe akafichua mtego wake. Tarakimu hazikubuniwa, zilichaguliwa.

Lakini nisiwacheke mno. Nilipokuwa mwalimu, kila alipokuja mkaguzi niliwainua wasomaji wangu wanne wale wale. Walisoma kama maji. Mkaguzi akaandika kwamba darasa linajua kusoma, na vitabu vya ziada vikapelekwa kwingine, maana sisi hatukuonekana kuvihitaji. Watoto wa madawati ya nyuma walimaliza shule hawawezi kusoma barua ya mama zao. Sikutamka neno moja la uongo siku ile.

Basi jibu langu ni hili: achaguaye ukweli unaomfaa na kuuficha uliobaki, amedanganya. Dawa yake si ngumu. Mtafiti na atangaze kabla ya kupima ni jambo gani analolitafuta, kisha aeleze yote aliyoyapata, hata yale yasiyompendeza. Nasi tunapoonyeshwa embe, tusiishie kusifu. Tuulize kwa upole: “Mwanangu, ulirusha mawe mangapi?”