Kitu cha bure kiko na deni?

Wanapoonyesha bure mu mtaa filamu juu ya desturi na nyama wa pori wa Uchina, wamoja wanasema: «Bachina banataka shaba yetu, sinema ni chambo tu.» Wengine wanajibu: «Bure ni bure, tuangalie.»

Sisi tunaona pande zote mbili zimepita kando ya ulizo lenyewe. Mkataba kama ule wa Sicomines wa 2008 uhukumiwe kwa hesabu zake, si kwa sinema. Mtu akikufungulia mlango wa nyumba yake, hajakuibia.

Lakini deni liko. Panda wa porini anaishi Uchina peke yake, na Wachina wamemfanya ajulikane dunia nzima. Okapi naye, porini, anaishi Kongo tu. Wambuti wa Ituri walimjua zamani, mbele ya wataalamu wa Ulaya kumpa jina la kisayansi mu 1901. Mtoto anayemjua panda, tumuulize: okapi analala wapi, anakula nini? Akinyamaza, kosa si la Mchina.

Basi deni letu si kwa mwenye filamu. Ni kwa mababu na kwa watoto: tusimulie, tupige picha, na siku moja sisi pia tuwaalike wageni, bure.