Holi: Mti Uani na Swali la Ishara

Holi ni mti wa jenasi Ilex, yenye mamia ya spishi. Unaojulikana zaidi Ulaya, Ilex aquifolium, haupukutishi majani hata wakati wa baridi kali. Majani yake yana miiba pembezoni na matunda yake ni mekundu. Ndiyo maana hupandwa uani na matawi yake hupamba nyumba wakati wa Krismasi. Lakini je, Mkristo anaweza kuukaribisha nyumbani mti uliokuwa na nafasi katika imani za kipagani?

Swali hili halikuzuka bure. Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alieleza kuwa holi iliyopandwa nyumbani hukinga uchawi. Mnamo mwaka 200 hivi, mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago aliwakemea Wakristo waliopamba milango yao kwa taa na matawi ya mlaureli kama majirani zao wapagani. Holi hakuitaja, ila hoja yake inaigusa moja kwa moja. Baadaye sana, mwaka 1659, Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, wa koloni la Massachusetts walipiga marufuku sikukuu yenyewe ya Krismasi na kuweka faini ya shilingi 5. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681.

Papa Gregori Mkuu alikuwa na mtazamo mwingine. Katika barua ya mwaka 601 kuhusu Waingereza waliokuwa wakiongoka, aliagiza sanamu zivunjwe lakini mahekalu yaachwe yawe makanisa, na watu waruhusiwe kujenga vibanda vya matawi kuyazunguka siku za sikukuu. Msingi wa kifikra wa msimamo wa aina hiyo unapatikana kwa mwanateolojia Agostino, aliyetenganisha kitu na ishara. Moshi huashiria moto kwa asili yake. Ishara nyingine hupata maana kwa sababu watu wameipatia. Holi ni ya kundi hili la pili. Miiba ya mti ule ule uliodhaniwa kukinga uchawi, Wakristo waliiona kuwa taji la miiba la Yesu, na matunda yakawa damu yake. Mti haukubadilika hata kidogo.

Bustani zenyewe zinathibitisha jambo hili. Holi, kama mpapai, ina miti dume na miti jike, na kwa kawaida jike haizai pasipo dume jirani. Aina iitwayo 'Ferox' ina miiba hadi katikati ya jani, lakini ni dume: anayeipanda atapata taji bila damu. 'J.C. van Tol' huzaa vizuri hata ikiwa peke yake, ila majani yake karibu hayana miiba. 'Bacciflava' hutoa matunda ya manjano. Hata mti wa kawaida, ukirefuka, majani yake ya juu mara nyingi hupoteza miiba. Kama utakatifu ungekaa katika mti wenyewe, ingebidi kuuliza ni aina ipi iliyo takatifu, na swali hilo halina jibu lenye maana.

Mtume Paulo alikabili jambo linalofanana na hili alipoulizwa kuhusu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Sanamu si kitu, alifundisha, lakini mlaji amwangalie ndugu yake asije akamkwaza. Hapa ndipo uchaguzi wa aina ya holi unapokuwa suala la maadili kweli kweli, kwa kuwa jirani huweza kudhurika. Matunda yake ni sumu kwa watoto wanaoyala. Katika majimbo ya Washington na Oregon, Marekani, ndege husambaza mbegu za Ilex aquifolium hadi porini, ambako huota na kuisonga mimea ya asili. Mwenye nyumba wa huko atapaswa kujizuia kuupanda, hata kama dhamiri yake imetulia kabisa kuhusu upagani wa kale. Kwingineko, achague kwa kuangalia udongo, nafasi na usalama wa watoto, bila hofu yoyote ya kidini.