Hawa ni Akina Nani?

Hebu nikuulize: mtu aliyesema maneno ya kweli tupu, anaweza kuwa amedanganya?

Yamenikuta. Nilimaliza kidato cha nne, ndoto yangu ni riwaya, na huku Unga Limited ukijulikana unapenda kuandika basi umeshaajiriwa bila mshahara. Akina mama wa chama cha kufa na kuzikana waliniomba niwaandikie katiba, maana halmashauri haisajili kikundi kisicho nayo. Hiyo haikunisumbua. Mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani (wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2), hawakuutaka; wanaogopa deni. Walitaka ruzuku ya kununua maturubai na viti vya msibani.

Nikaenda kwenye ofisi moja mjini inayosaidia vikundi kuandika maandiko ya miradi. Bure kabisa, na chai juu. Bwana mmoja akasoma rasimu yangu, akacheka.

"Mdogo wangu, umeandika sifa. Mfadhili hatoi hela kwa sifa. Andika tatizo."

Akanielekeza: wajane watangulie, yatima wahesabiwe, neno "hawana" lisikauke.

Nikaandika. Uongo haukuwemo hata chembe. Wajane wapo, yatima wapo. Jumapili nikawasomea nyumbani kwa mwenyekiti. Nilipomaliza, mama mtunza hazina, ambaye kwa miaka 11 hajapoteza senti ya mtu kwa daftari lake la shule, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, hawa ni akina nani?"

"Si ni nyie, mama."

"Sisi tumezika watu. Hao mbona hawajafanya lolote?"

Kwenye riwaya nabuni watu, rafiki zangu wanaapa wanawafahamu. Safari hii nimeandika watu wa kweli, wenyewe hawajitambui!

Nikawakumbuka Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na wakili Earle Seaton. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Lakini alisimama pale kama mtu aliyeporwa, si kama mtu asiye na kitu. Nadhani hizo ni habari mbili tofauti, na mimi niliandika ile ya pili.

Lakini yule bwana naye hakunidanganya. Anajua karatasi zipi hupita. Na masika ya Arusha hayangoji heshima ya mtu. Mwaka jana tuliaga maiti tumejifunika magunia.

Nikamwambia mama nitaandika upya. Akakataa.

"Peleka hiyo hiyo kama ndiyo italeta maturubai. Ila jina langu usiweke."

Mwisho wa kupokea maandiko ni Ijumaa. Ukurasa wa mwisho unataka saini ya mtunza hazina.