Eliya Chini ya Mretemu



Somo letu ni 1 Wafalme 19:1-8.

Kiangazi kilichopita paa la nyasi la jirani lilishika moto usiku. Watu wakapiga madebe kuita msaada. Mama mmoja akabeba watoto akakimbilia porini. Baba mmoja akasimama na ndoo ya maji mkononi, asisogee. Na sisi tunaowahubiria tulilala kifudifudi chini ya kitanda. Masikio yetu hayakusikia madebe, yalisikia risasi za 1996 kule Fizi, tulipokuwa watoto. Mtoto wetu mdogo alitolewa nje na jirani. Moto haukutufikia, lakini ungefika, tungesema nini mbele za Mungu?

Asubuhi wengine walinong'ona, "Mchungaji hana imani." Tumtazame Eliya. Alishinda juu ya Karmeli, lakini tishio la Yezebeli lilipomfikia alikimbia, akalala chini ya mretemu akiomba kufa. Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Ndipo akapata nguvu za kwenda siku 40 hadi Horebu.

Hospitalini hali yetu huitwa kiwewe: ndoto za vita, kushtuka, hasira, kuganda. Mwili hukimbia au huganda kabla akili haijauliza kuna nini. Si upungufu wa imani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi, ndugu, tufanye hivi. Kila nyumba ipatane leo na jirani ni nani atakayewatoa watoto. Ukimkuta mtu ameganda, usimpige wala usimvute kwa nyuma. Simama mbele yake, mwite kwa jina, umwambie: "Uko Nyarugusu. Huu ni moto, si vita. Shika mkono wangu." Mpe kazi moja tu. Moto ukizimika, mketishe, mpe maji na chakula, msikilize. Asiyepata usingizi kwa majuma mengi aende zahanati. Maombi na zahanati havigombani.

Sisi tumekwisha kupatana na jirani yetu, na zahanati tumeanza kwenda. Hatuoni haya.

Eliya aliguswa na malaika. Hapa kambini, mkono huo ni wako. Bwana awape usingizi wa amani. Amina.