Gari na Pambo la Halali
Mnunuzi wa Nairobi anayesita kati ya Probox na Subaru, zote zilizotumika Japani, huambiwa busara ni spea za bei nafuu na mafuta kidogo. Kulipenda gari ni utoto. Sikubali. Sura ya An-Nahl katika Qurani, aya ya 8, inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa vipando na pia pambo. Manufaa na uzuri vimewekwa pamoja, tena kwa wanyama wa kazi.

Utasema huo ni mlango wa israfu. Israfu ipo, na ni dhambi: mkopo unaokula karo ya watoto hauhalalishwi na usukani mwepesi mkononi wala injini inayoitikia mguu upesi. Lakini kosa hapo ni haki ya watoto iliyoliwa. Anayelipa kutoka ziada yake, zaka ikiwa imeshatoka, hajamdhulumu mtu kwa kufurahi.