Walioshuka na Waliobaki

Katika kabati la vitabu la usharika wetu hapa Same kuna kitabu kimoja kikubwa ambacho hakikai kabatini. Kilikuja ndani ya sanduku la vitabu vya msaada, pamoja na Biblia za watoto na kamusi kuukuu. Ni historia ya askari wa miavuli vitani, na picha zake ni nyingi kuliko maneno. Vijana wakitoka mazoezi ya kwaya hukigombania. Wanatazama ndege iliyofunguliwa mlango, watu waliojipanga mstari na mizigo mgongoni, miavuli iliyojaa angani. Kila mmoja anamchagua yule ambaye angependa kuwa yeye.

Jumapili moja baada ya ibada, mzee wetu mmoja aliyepigana Vita vya Kagera aliketi nao akakipitia kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa. Alipokifunga aliwauliza swali moja tu: katika picha zote hizi, wenye nyumba wako wapi? Vijana hawakumwelewa. Akawaeleza kwamba askari hashuki mahali patupu. Anashuka kwenye shamba la mtu, karibu na kisima cha mtu. Mzee huyu alivuka Mto Kagera pale Kyaka, ambako daraja lilikuwa limevunjwa, akaenda Uganda, na alikuwa miongoni mwa wale waliobaki huko baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979, hadi majeshi yetu yalipoondoka mwaka 1981. Alisema kwamba kupigana kulikuwa na mwisho. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kukaa na watu ambao vita vimepita juu yao.

Swali la mzee limetukaa rohoni, na ndilo tunalolileta kwenu wapendwa. Je, kumwokoa mtu ni kufika tu, au ni kufika na kubaki naye? Na tukiwaokoa walio wetu kisha tukaondoka, je, tumetenda dhambi?

Tuanze na kitabu chenyewe. Kina sura ndefu juu ya Arnhem, mji wa Uholanzi. Septemba 1944 askari wapatao 10,000 wa Uingereza na wenzao walishushwa karibu na mji huo, kwa miavuli na kwa ndege zisizo na injini, ili wateke daraja la mto na kulishikilia mpaka majeshi ya nchi kavu yafike. Majeshi hayo hayakufika kwa wakati. Askari walipigana siku tisa, na waliorudi ng'ambo ya mto walikuwa wapatao 2,400. Wengine waliuawa au walitekwa. Ni habari ya ushujaa na hatuna sababu ya kuupunguza. Lakini wenyeji wa Arnhem je? Baada ya mapigano Wajerumani waliwaamuru wakazi wote wauhame mji. Majira ya baridi yaliyofuata, njaa iliua maelfu ya watu katika Uholanzi. Mji wenyewe ulikombolewa Aprili 1945. Katika sura ile ndefu hayo yote yamepewa mistari mitatu, wala hayana picha.

Sura inayotugusa zaidi ni ile fupi inayohusu Congo, kwa sababu ni jirani zetu, na kwa sababu nyingine ambayo hatuipendi. Mwaka 1964 waasi waliteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Walijiita Simba. Jina hilo ni la Kiswahili, na watu wa mji ule husema Kiswahili na Kilingala. Wengi wa wapiganaji wale walikuwa vijana wadogo, walioaminishwa kwamba dawa ya maji ingewakinga na risasi. Tunaposoma habari zao hatuwezi kusema kwamba ni mambo ya watu wa mbali. Vitisho vilitolewa kwa lugha hii hii tunayosalia.

Simba waliwashika mateka mamia ya wageni. Mzee Jomo Kenyatta aliongoza juhudi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika za kutafuta upatanisho, na mazungumzo yakafanyika Nairobi. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji wapatao 320 waliruka kutoka ndege za Marekani wakatua kwenye uwanja wa ndege wa Stanleyville. Simba walikuwa wamewatoa mateka hotelini na kuwaketisha barabarani. Waliposikia milio ya bunduki ikikaribia, walianza kuwapiga risasi. Askari walifika wakati kundi lile linatawanyika, wengine wamekufa, wengine wakikimbia. Waliookolewa siku ile na siku zilizofuata walikuwa wengi sana.

Kati ya waliokufa barabarani alikuwa daktari mmisionari wa Marekani, Paul Carlson, mwenye miaka 36. Alikuwa akitibu watu katika hospitali ndogo ya Wasolo, kaskazini mwa Congo. Hatari ilipokaribia aliwavusha mkewe na watoto wake mpaka nchi jirani, kisha yeye akarudi kwa wagonjwa wake. Huko akakamatwa, akashtakiwa kwamba ni mpelelezi. Asubuhi ile alikimbilia ukuta pamoja na mmisionari mwenzake. Mwenzake alikwisha kuupanda, akageuka kumvuta, na hapo risasi zikampata Carlson. Katika Agano Jipya alilokuwa nalo alikuwa ameandika tarehe ya siku iliyotangulia, na neno moja: amani. Desemba ile jarida la Time la Marekani liliweka sura yake kwenye jalada.

Tarehe 26 Novemba askari wale wa Ubelgiji waliruka tena, safari hii Paulis, mji ambao leo ni Isiro. Nako wakawakusanya mamia ya wageni na kuwatoa. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameondoka Congo.

Sasa tusome kilichofuata katika mji huo huo. Tarehe 29 Novemba Simba waliwachukua kwa lori masista wa Kikongo kutoka Bafwabaka, na wakawafikisha Isiro. Kati yao alikuwamo Anuarite Nengapeta, ambaye hakuwa ametimiza miaka 25. Afisa mmoja alitaka kumfanya mkewe kwa nguvu. Alikataa, akapigwa na kuuawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, na hukumbukwa kwamba alimsamehe aliyemuua. Wenzetu Wakatoliki wanamwita Mwenyeheri tangu Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza huko Kinshasa, na sisi Walutheri tunalijua jina lake kwa sababu ya kwaya zinazolibeba. Ndege zilifika Isiro, zikaondoka, na siku chache baadaye Anuarite akafa Isiro. Agizo la askari wale lilikuwa kuwatoa wageni, na yeye hakuwa mgeni. Wakongo waliokufa katika uasi ule na katika kisasi kilichofuata ni maelfu. Wengi wao hawana picha hata moja.

Tusihukumu haraka. Viongozi wengi wa Afrika, Mwalimu Nyerere akiwamo, waliilaani operesheni ile, na walikuwa na sababu: nchi huru ilivamiwa kutoka angani. Lakini baba ambaye binti yake aliketishwa barabarani asubuhi ile, je, tungethubutu kumwambia asiombee ndege zifike? Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Kuanza na wa kwako ni wajibu. Na askari wale hawakuwa na uwezo wa kuitwaa Congo nzima mikononi mwao. Baadhi yao walikufa wakiwaokoa watu wasiowafahamu. Hilo nalo ni pendo.

Kosa tunaloliona sisi linakuja baadaye, wakati wa kuhesabu. Ndege ya mwisho ikishaondoka, mtu husema, tumewaokoa wote. Neno hilo "wote" ndilo linaloficha dhambi. Waliobaki wanatoka kwenye picha kwanza, halafu kwenye hesabu, na mwisho wanatoka hata kwenye maombi. Kutoweza kumfikia kila mtu ni udhaifu wetu wanadamu, na Mungu anaujua. Kumfuta tusiyemfikia, ili tulale vizuri, ni jambo la hiari yetu.

Tukiusoma tena mfano wa Msamaria katika Luka 10, tunaona jambo ambalo hubiri mara nyingi hulipita. Msamaria alimfunga yule mtu majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake. Kama mfano ungeishia hapo, ungekuwa habari ya uokoaji, na ingetosha kwa picha. Lakini alikaa naye usiku ule katika nyumba ya wageni. Kesho yake akatoa dinari mbili, na akaahidi kwamba atakaporudi atalipa gharama itakayozidi. Alipanga kurudi. Naye Bwana wetu hakushuka kuwatwaa watu wake na kupaa nao siku ile ile. Alikaa kwetu miaka, akafanya kazi ya mikono, akajulikana kwa jina la kijiji. Alipopaa hakutuacha yatima.

Tungeweza kuishia hapa, tukiwa tumewasema Wabelgiji. Lakini swali la mzee liliulizwa Same, na tunapaswa kulijibia Same.

Mwaka fulani tulipanda kwenda kumtembelea bibi mmoja mjane wa usharika, katika kijiji kimoja juu milimani. Gari lilitufikisha mwisho wa barabara, tukamalizia kwa miguu. Tulimpelekea mchele, sukari, sabuni na blanketi. Tuliimba, tukamwombea, tukapiga picha tukiwa tumemzunguka. Picha zile zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo na kukaa hapo miezi. Tuliporipoti kwenye ibada, tulisema kwamba tumemhudumia bibi yetu. Hatukurudi. Hakuna aliyeamua tusirudi. Kulikuwa na mavuno, kulikuwa na semina, kulikuwa na ujenzi wa ofisi.

Alifariki wakati wa masika. Siku ya mazishi tuliimba vizuri sana. Ndipo tulipomfahamu jirani yake, mama Mwislamu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Ndiye aliyemtekea maji kila siku, akamkandika ukuta uliobomoka kwa mvua, akalala naye siku za mwisho. Tulipomshukuru hakutulaumu. Alitwambia tu kwamba Jumapili marehemu alikuwa akiuliza kama wale watoto wa kanisani wameonekana njiani.

Hatuna la kumjibu bibi yule sasa. Tumeliandika hili kwa sababu tulikuwa na picha za kuthibitisha kwamba tulifika, na picha zilitutosha.

Sisi watu wa Upare hatuhitaji kufundishwa kubaki. Udongo ulipoporomoka Goha, Mamba Miamba, Novemba 2009, ukaua watu zaidi ya 20, taifa zima lilisikia. Baada ya magari ya wakubwa kushuka, waliozika, waliolea yatima na waliolima tena ule mteremko walikuwa watu wa huko huko. Tena tunazo ndiva. Wazee wetu walijua kwamba maji ya mlimani yanapita mbio na kuishia mchangani, hivyo wakajenga mahali pa kuyazuia usiku, na asubuhi yanagawiwa kwa zamu, shamba kwa shamba, mpaka la mwisho. Aliye mwisho wa mfereji naye ana siku yake, na siku hiyo inajulikana.

Basi tumefanya jambo dogo. Kitabu cha miavuli kimebaki kabatini, na vijana wanaruhusiwa kukitazama. Hatukuona faida ya kukificha. Lakini kila mtaa wa usharika sasa una daftari la majina ya wazee, wagonjwa na wajane, na mbele ya kila jina kuna siku na mtu wa zamu. Hakuna kupiga picha. Mzee wetu wa Kagera ndiye anayekagua, na anapokuta nafasi tupu haulizi kwa nini hatukufika. Anauliza ni nani aliyebaki naye siku hiyo. Mara nyingi tunalazimika kutaja jirani ambaye si wa kanisa letu, naye tumeanza kumwandika daftarini pia.